Mtu wa Daftari: Uongozi wa Mwananchi wa Kawaida Mafuriko Yakiingia Tambarare ya Moshi

Mvua inayofurisha Kahe, huku tambarare chini ya Moshi, mara nyingi haikunyesha Kahe. Imenyesha Kibosho au Old Moshi, chini ya msitu wa Mlima Kilimanjaro unaopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati tambarare yenyewe haipati hata nusu ya hizo. Maji yanashuka na mito ya Weruweru, Karanga na Rau, yanaingia kwenye mashamba ya mpunga na mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika 1987, na yanaweza kufika Mabogini, Kahe au Arusha Chini saa nane za usiku huku nyota zikionekana. Aliyelala chini anaamshwa na godoro lililolowa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Lakini barabara ambayo gari lao lingepita ndiyo iliyokatika, na lori la msaada likija mapema sana linakuja mchana wa siku ile, pengine kesho yake. Kati ya saa nane usiku na hapo, kiongozi ni yule aliyepo: mwenyekiti wa kitongoji, balozi wa nyumba kumi, mwekahazina wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), mwalimu anayeishi nyumba za shule, katibu wa jumuiya, mwenye duka.

Nikiulizwa sifa ya kumtambua anayefaa kati ya hao, sitaji ujasiri wala ufasaha. Usiku wa mafuriko vyote viwili vinapatikana bure: kila mtu anapaza sauti, na vijana wenye nguvu wameshaingia majini bila kutumwa. Anayekosekana ni mtu anayejua wako wangapi. Mtafute mwenye tabia ya kuhesabu na kuandika, asiyeona haya kuuliza mara ya pili, na ambaye watu wameshamwona akirudisha chenji.

Moshi ina watu wa aina hiyo na kila kijiji kinawajua. Ndio wanaoshika daftari la msiba. Kamati ya msiba ya kawaida inalisha watu 400 kwa notisi ya siku moja: inajua turubai liko kwa nani, sufuria za kikundi ziko ngapi na zina alama gani ya rangi, nani apike, nani apokee rambirambi na nani awe shahidi akipokea. Hakuna haja ya kuunda kikosi kipya maji yakifika mlangoni. Iiteni kamati ile ile, muibadilishie kazi. Tofauti moja tu izingatiwe: msibani chakula ndiyo hesabu ya kwanza, kwenye mafuriko ya kwanza ni vichwa, ya pili maji ya kunywa, ya tatu choo. Chakula ni cha nne, hata kama ndicho wageni wote watakachouliza.

Daftari lenyewe

Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha. Weka namba za kurasa kabla hujaandika jina lolote, ili ukurasa ukichanwa ujulikane. Tumia kalamu ya risasi, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida unachuruzika karatasi ikilowa na majina ya usiku mzima yanageuka doa la bluu. Likae kwenye mfuko wa plastiki. Juu ya kila ukurasa andika tarehe na saa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke. Usifute kabisa, maana kilichofutwa kitaulizwa wiki ijayo na hutakuwa na jibu.

Safu ni hizi: namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya na la mwenzi wake, simu, idadi ya watu kwa umri (chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 17, miaka 18 hadi 59, na 60 kwenda juu), wajawazito na wanaonyonyesha, wenye ulemavu, walipolala, na asiyeonekana. Hii ya mwisho ndiyo inayookoa. Kwa kila asiyeonekana andika alionekana mara ya mwisho wapi, saa ngapi, na nani. Waokoaji wakifika hawahitaji hotuba, wanahitaji mstari huo. Baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, Hanang, Desemba 3, 2023, ambako zaidi ya watu 80 walikufa, kazi iliyoendelea siku nyingi ilikuwa kutafuta na kutambua watu. Penye orodha ya nani alilala nyumba ipi, kuchimba kunaanzia mahali fulani.

Orodha nyingi zinaharibika pale pale zinapoanza, kwenye neno kaya. Mwandishi anaandika majina ya wanaume. Mwanamume mwenye wake wawili anaonekana mara moja, na mke wa pili anakuja kusimama mstarini siku ya unga akaambiwa jina lake limo tayari. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Vyungu viwili, kaya mbili, basi.

Kuna kundi jingine ambalo tambarare inalisahau kila masika: wapangaji wa chumba kimoja na vibarua wa mpunga waliotoka mikoa mingine, wanaolala watano watano kwenye kibanda cha mwenye shamba. Balozi hana majina yao, hawana ukoo hapo, na hawatajitokeza kwa sababu wanadhani msaada ni wa wenyeji. Atumwe mtu akawaandike walipo, tena mapema, maana mabanda yao ndiyo yako karibu zaidi na mfereji. Namna kiongozi anavyowahesabu watu ambao hawatampigia kura inatosha kukuambia ni mtu wa aina gani.

Kitu kimoja kisiandikwe: maradhi ya siri. Anayetumia dawa za presha au kisukari anaweza kuandikwa kwa ridhaa yake, dawa zikitafutwa. Anayetumia ARV, dawa za VVU, asiandikwe kwenye daftari litakalosomwa na watu kumi. Mpeleke kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wazungumze wawili, naye alipeleke suala zahanati. Dawa hizo hazitakiwi kukatizwa, na mtu ataziacha kimya kimya kuliko kutajwa hadharani.

Kisha daftari linasomwa kwa sauti mbele ya watu, kaya moja moja. Hii ndiyo dawa ya majina hewa. Akisomwa marehemu wa mwaka juzi au kijana aliyehamia Dar, mkutano wenyewe utaguna, na mwandishi atapiga mstari bila kugombana na mtu. Hesabu irudiwe mara mbili kwa siku, na ile ya usiku iaminiwe zaidi, kwa sababu mchana kambi inajaa waliokuja kuangalia.

Kabla maji hayajafika

Onyo rahisi kuliko yote ni simu kutoka juu. Watu wawili waliokubaliwa, mmoja upande wa Kibosho na mwingine karibu na daraja mjini, wampigie mmoja wa tambarare mto ukipita alama fulani iliyopakwa rangi kwenye nguzo. Wawe wawili, kwa sababu mmoja atalala au simu yake itaisha chaji. Anayepokea hatumi ujumbe kwenye kundi la WhatsApp na kurudi kitandani. Anapiga rimu ya gari.

Rimu iliyoning'inizwa mtini shuleni inasikika mbali na haitegemei umeme, ila kila mtoto anaijua kama kengele ya vipindi. Mkubaliane mlio tofauti, kwa mfano mapigo ya mfululizo bila kupumzika kwa dakika tano, na ujaribiwe Machi kabla masika haijakolea. Kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa vifuate. Msisahau kuwa viziwi hawasikii rimu: majina yao yawe kwa jirani aliyepewa kazi ya kubisha hodi na kuingia.

Njia ya kukimbilia ipangwe mchana, na isivuke mfereji wala korongo hata kama ndiyo fupi. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15, karibu na kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuelea na kusukuma gari dogo, 60 zinabeba gari kubwa. Dereva anayeyafahamu maji ya kila siku ya korongo lake ndiye anayejidanganya zaidi. Aprili 2024, kata ya Muriet jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na mafuriko na wanafunzi wakafa. Kiongozi wa mtaa anaweza kufanya jambo dogo sana hapo: kuweka vijana wawili na kamba kila upande wa kivuko, wakazuia kila chombo, hata cha mtu mkubwa. Lazima wawe wameambiwa mapema kwamba watatukanwa.

Kisha kuna wanaokataa kuondoka, na si wakaidi. Wana ng'ombe wawili na mbuzi saba, ndiyo benki yao, na wanajua nyumba tupu huibiwa. Kuwafokea hakusaidii. Kinachowatoa ni jibu la maswali mawili: mifugo itakaa wapi, na nani analinda. Ukiwa na zizi la muda kwenye mwinuko, mbali na chanzo cha maji na upande ambao kinyesi hakitiririkii kambini, na ukawa na majina ya walinzi wa zamu, mzee atafungua kamba za mbuzi mwenyewe. Bila hayo mawili utapoteza saa nzima ukimbembeleza, na saa hiyo huna.

Maji, choo, mahali pa kulala

Tuchukue watu 200, kaya kama 45, kwenye shule ya msingi. Kipimo kinachotumika duniani kwenye maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi. Hiyo ni lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20, kila siku. Boza la lita 10,000 linamalizika siku ya nne asubuhi. Siku ya kwanza mkishindwa, msishuke chini ya lita 7.5. Hesabu hii ifanyike kabla ya kupiga simu popote, kwa sababu "tuna shida ya maji" haiandaliwi gari, lakini "tunahitaji lita 3,000 kwa siku, watu 200, tuna tangi moja la 5,000" inaandaliwa.

Kosa la kwanza kwenye kutibu maji ni kuweka klorini kwenye maji ya tope. Tope linaila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Yaacheni maji yatulie, mwagieni ya juu kwenye chombo kingine kupitia kitenge kisafi kilichokunjwa mara nne, ndipo muweke dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu, viwili kama bado yana ukungu. Subirini dakika 30. Baada ya hapo maji yawe na harufu hafifu ya dawa. Yasipokuwa nayo, dawa imeisha kazi na mrudie. Watu watalalamika harufu, na kiongozi anywe mbele yao.

Kosa la pili ni ndoo pana. Maji yaliyotibiwa yanachafuliwa na mkono unaozamisha kikombe. Kila kaya ipate vyombo viwili, cha kuteka na cha kutunzia, na cha kutunzia kiwe dumu lenye mdomo mdogo na kifuniko.

Hapa kwetu kuna hoja itakayoletwa na mzee mmoja: kisima kirefu cha pale kina floraidi, tazama meno ya watoto. Ni kweli, ukanda huu mpaka Arusha una maji ya ardhini yenye floraidi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Lakini floraidi inadhuru kwa miaka, kipindupindu kwa saa. Kwa siku kumi za kambi, maji ya kisima kirefu kisichofurika yanakubalika kuliko ya mto. Mjadala wa floraidi uendelee baada ya masika.

Choo: kimoja kwa watu 50 mwanzoni, halafu mkisogea kimoja kwa watu 20. Kwa watu 200 ni vinne, kisha kumi. Wanawake wapate vitatu kwa kila kimoja cha wanaume, na komeo liwe ndani. Shimo liwe mita 30 kutoka kisimani, ila tambarare yetu ina tatizo lake: ukichimba mita moja wakati wa masika unakuta maji. Inueni sakafu ya choo kwa mifuko ya mchanga badala ya kwenda chini. Nje wekeni kibuyu chirizi na sabuni iliyofungwa kamba, vinginevyo sabuni haitaona jioni.

Nafasi ya kulala ni mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 7 kwa 8 ni la watu 16, si la 60 kama tunavyowajaza. Madarasa 13 kwa watu 200 hayapatikani, kwa hiyo ukumbi wa kanisa, madrasa na majumba ya ndugu vitatumika. Waliokwenda kwa ndugu wabaki kwenye daftari. Nyumba iliyopokea watu saba inaishiwa unga siku ya tatu, na aibu ya mwenyeji inamzuia kusema.

Mtu akianza kuharisha majimaji, kinywaji kianze papo hapo kabla ya safari ya zahanati. Pakiti ya ORS, chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji salama. Ikikosekana, lita moja, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, hivyo kazi hii apewe mtu mmoja mwenye kijiko kimoja. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo, mkubwa kidogo hadi 200. Mtoto pia anahitaji zinki kutoka zahanati kwa siku 10 hadi 14, hata akipona siku ya tatu. Mtu mzima mmoja akitoa choo kama maji ya mchele, mtendaji na afisa afya wajue saa hiyo hiyo. Msisubiri wa pili ili kuwa na uhakika.

Jikoni na stoo

Siku ya kwanza msipike makande. Yanakula kuni za saa tatu nne, na kuni zimelowa. Ugali, wali, uji. Mgawo wa siku kwa mtu unaolenga kilokalori 2,100 ni karibu gramu 400 za nafaka, 60 za maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi, pamoja na uji wa lishe na sukari kidogo. Kwa watu 200 ni kilo 80 za unga au mchele, kilo 12 za maharage, kilo 5 za mafuta na kilo moja ya chumvi. Debe la mahindi ni kama kilo 18, kwa hiyo mwenye magunia anajua haraka atafika siku ya ngapi. Watoto wa chini ya miaka mitano wapate uji kabla ya foleni ya wakubwa na tena alasiri, kwani tumbo lao halibebi mlo wa mara mbili.

Stoo ndipo uongozi unapokufa. VICOBA walishatatua tatizo hili kwa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Fanyeni hivyo hivyo kwenye mlango: kufuli mbili, funguo kwa watu wa koo tofauti, na mmoja wao awe mwanamke. Mlango haufunguliwi akiwepo mmoja. Ndani kuwe na karatasi kwa kila bidhaa: kilichoingia, kilichotoka, salio, sahihi mbili. Jioni salio linaandikwa kwa chaki ukutani nje, herufi kubwa. Mwenyekiti mwaminifu anayekataa chaki kwa sababu "mnaniamini" amewapa maadui zake kazi rahisi.

Fedha za simu zisiingie namba ya mtu binafsi, hata ya paroko au imamu. Tumieni namba ya kikundi kilichosajiliwa. Kama hakuna, mwenye namba atoe pesa siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi wawili, na ujumbe wa muamala unakiliwe daftarini na kumbukumbu namba yake.

Mgawo uende kwa idadi ya vichwa vya kaya, si kaya kwa kaya. Kaya ya watu wawili ikipata kilo kumi sawa na ya watu tisa, kesho ile ya tisa itajigawa kwenye daftari kuwa kaya tatu, na nani awalaumu. Pimeni kwa mzani, au sado moja iliyosawazishwa na mtu mmoja, maana kilima cha juu ya sado ndiko upendeleo unakojificha. Iteni kaya 10 kila nusu saa badala ya kusimamisha 45 juani. Wazee, wajawazito na walemavu wawe na mstari wao. Na kila mara anzeni mwisho tofauti wa orodha, kwa sababu wa mwisho akiwa wa mwisho mara tatu ataamini kuna sababu.

Nguo zitakuja nyingi kuliko unga. Zikubalini kwa shukrani na muwe na mtu wa kuzichambua, vinginevyo siku ya nne darasa zima limejaa mitumba na viatu vya upande mmoja, watu wanalala nje. Kinachohitajika na hakiletwi ni sabuni, taulo za kike, vyandarua, ndoo zenye mifuniko na betri za tochi. Semeni hivyo kwa orodha, na idadi mbele.

Simu, uvumi na mkutano wa jioni

Taarifa ya kwanza kwa mtendaji wa kijiji isizidi dakika moja, kwani chaji haipo. Salamu zetu ni nzuri, lakini usiku huo shikamoo moja inatosha, habari za mama mgonjwa zitafuata. Mfano: "Shikamoo mtendaji. Maji yameingia nyumba 45 saa nane usiku. Watu 200 wako shule ya msingi. Majeruhi wawili, mmoja amevunjika mguu. Haonekani mmoja, mwanamume wa miaka 60. Barabara ya darajani haipitiki, ya shambani inapita lori. Tunaanza na maji ya kunywa. Nitapiga tena saa moja." Kisha apige saa moja kweli, hata kama hakuna jipya. Afisa aliyepokea simu inayotimia saa yake ataipa uzito ile ya pili.

Uvumi utakuja, na wa tambarare una sura yake: bwawa la Nyumba ya Mungu limepasuka. Kiongozi anayejua ardhi yake anautuliza kwa sentensi moja. Bwawa lile linapokea maji ya Kikuletwa na Ruvu, liko chini yetu. Likipasuka, yanayokwenda ni ya kuelekea Korogwe, hayapandi kurudi Kahe. Uvumi mwingine hauna jibu la ramani, ndipo yanapofaa maswali matatu: nani ameona kwa macho, wapi, saa ngapi. Asiyejibu yote matatu asipewe kipaza sauti.

Taarifa zitolewe kwa saa maalumu, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na mdomo mmoja. Neno gumu kuliko yote kwa kiongozi wa kwetu ni "hilo bado hatujui." Aliseme, aongeze ni lini atajua. Anayeahidi mabati siku ya pili ili watu watulie amekopa utulivu ambao ataulipa wiki nzima. Wanasiasa wakija, wapokelewe, waonyeshwe ukuta wenye chaki, waombwe kitu kimoja chenye idadi. Wasipewe kugawa kwa mikono yao. Wakigawa, mpangilio wa foleni uliojengwa siku tatu unavunjika kwa robo saa.

Kuna jambo lazima lisemwe kwenye mkutano wa kwanza, bila mafumbo na mbele ya wanaume wote: msaada haulipiwi kwa chochote, si pesa, si kazi za nyumbani, si mwili. Atajwe mwanamke ambaye mtu anaweza kumfuata faragha akiombwa hivyo. Kwa watoto kuna 116, simu ya bure. Mtoto aliyeachana na wazazi wake asikabidhiwe "shangazi" aliyejitokeza kwa huruma. Anaandikwa, anakaa na mtu aliyechaguliwa, na anayemdai anaulizwa mambo ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuthibitisha: jina la mdogo wake, rangi ya mlango. Tumezoea kwamba mtoto wa jirani ni wa wote, na siku za kawaida ni neema. Kambini ndiyo njia mtoto anavyopotea.

Kiongozi alale. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu yule mzuri ndiye asiyelala. Baada ya saa 24 macho, mtu anajumlisha vibaya, anafoka, anasahau amemtuma nani wapi. Msaidizi achaguliwe usiku wa kwanza, na makabidhiano yawe kwa daftari: nini kimeingia, nani ametumwa, ahadi gani imetolewa. Siku maji yakizidi unga, kamati yenye mtu mmoja anayejua kila kitu ndiyo itakayoanguka ya kwanza, kwa sababu mtu huyo ana malaria kama wengine.

Kufunga kambi

Shule inataka madarasa yake, na hilo ni haki. Wenye nyumba zilizosimama wanarudi kwanza, na kila anayerudi aende na jembe, sabuni, chandarua na maji ya siku mbili. Tope litolewe kuanzia jikoni. Nyoka hujificha kwenye vitu vilivyolundikana, hivyo kila kitu kiinuliwe kwa fimbo ndefu, watoto wakiwa nje. Sehemu zilizoguswa na maji ya choo zisuguliwe kwanza, kisha zipigwe dawa ya klorini ya nyumbani ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji. Juu ya tope dawa hiyo ni kupoteza.

Watakaobaki mwishoni ni wale wapangaji na vibarua. Hawana ukuta wa kurudia wala shamba la kudai mbegu, na kila mwenye haraka atasema kambi imekwisha. Namba zao za kaya ziko daftarini. Mwenyekiti aende na namba hizo kwa wenye vyumba na wenye mashamba, mmoja mmoja, akaulize chumba kipi kinakauka lini na kodi ya mwezi uliolowa italipwaje, na makubaliano yaandikwe ukurasa ule ule yalipo majina yao.

Halafu sufuria zirudi kwa vikundi kulingana na rangi, madawati yahesabiwe na mwalimu mkuu, na kama mawili yaligeuzwa kuni usiku wa kwanza, hilo nalo liandikwe na litiwe sahihi. Nakala ya daftari inakwenda kwa mtendaji. Lile lenyewe linabaki kijijini, kwa sababu orodha ya mbegu za mahindi na mpunga itakapoanza kutengenezwa, itaombwa tena.